MWANA WA MTEMI ALIYEJIFUNZA JAMHURI

Katika ziara yetu ya Mkoa wa Katavi tulifika Majimoto, katika bonde la Mpimbwe, mahali palipopata jina lake kwa chemchemi za maji ya moto zitokazo ardhini. Ukitoka Mpanda wapita Sitalike, wakata mbuga ya Katavi, wafika Kibaoni, na mbele yake waingia katika nchi ya mpunga. Tulikaribishwa nyumbani kwa mkulima mmoja. Mezani palikuwa na daftari la binti yake, mwanafunzi wa sekondari, nalo lilikuwa limefunuliwa mahali pa somo la uraia: Serikali, Bunge na Mahakama, Katiba ni nini, Jamhuri ni nini. Mwenyeji wetu alilitazama daftari, akatuuliza kwa adabu na kwa moyo mweupe, mambo hayo yatamfaa nini mtoto ambaye huenda kesho akarudi shambani.

Swali hilo si la mzee yule peke yake. Wazazi wengi wanaolipa michango ya shule kwa jasho lao hujiuliza vivyo hivyo. Hesabu wanaiona faida yake sokoni. Elimu ya afya wanaiona hospitalini. Lakini historia ya Jamhuri na vyombo vyake waiona kama maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kisha kusahauliwa. Tulimwahidi mwenyeji wetu kwamba tutamjibu katika ukurasa huu. Leo twatimiza ahadi hiyo kwa kusimulia habari za mtu ambaye kila Mtanzania alijua jina lake, lakini si wote wajuao jinsi alivyoisoma Jamhuri, jinsi alivyoijenga, na jinsi ilivyomfundisha yeye mwenyewe.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, si mbali na Musoma, mwezi wa Aprili mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Basi mtoto huyo alikulia karibu na kiti cha madaraka. Nacho kilikuwa kiti cha namna ya pekee, kwa maana katika siku za Waingereza mtemi alikuwa mkubwa mbele ya watu wake na mtumishi mbele ya Bwana Shauri. Madaraka yalitoka katika ukoo, lakini yaliweza kuondolewa na mgeni aliyekaa bomani. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa neno, wala na ukoo, wala na boma.

Shule aliianza akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, huko Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, katika shule ya Serikali, na mwaka 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka huo huo alibatizwa, akapewa jina la Julius. Tangu mwaka 1946 alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa chini ya Mapadre Weupe, na padre mmoja wa shirika hilo, Richard Walsh, alikuwa miongoni mwa wale waliomsaidia kupata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Mwaka 1949 akasafiri kwenda Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Hapo yatupasa kutua kidogo, kwa kuwa miaka mitatu ile ya Edinburgh ndiyo kiini cha habari yetu. Kijana huyu angeweza kuchagua masomo ya sayansi, maana huko Tabora alikuwa amefundisha elimu ya viumbe. Badala yake alisoma historia ya Uingereza na historia ya uchumi, elimu ya uchumi, sheria ya katiba, falsafa ya maadili, elimu ya mila na jamii za watu, pamoja na fasihi ya Kiingereza. Mtu aliyetoka katika nchi iliyotawaliwa aliketi darasani kusoma jinsi watawala wake walivyojitawala wenyewe.

Na alisoma nini? Alisoma habari za taifa lililokuwa na wafalme wenye nguvu, likakata kichwa cha mfalme mmoja mwaka 1649, likakaa bila mfalme kwa muda, likamrudisha mfalme mwingine, na hatimaye, mwaka 1689, likamfunga mfalme kwa sheria ya Bunge. Tangu hapo mfalme hakuweza kutoza kodi bila kibali cha Bunge, wala kusimamisha sheria kwa utashi wake. Waingereza hawakuyaandika hayo yote katika kitabu kimoja kiitwacho Katiba. Sehemu kubwa ilikaa katika desturi, katika hukumu za mahakama, na katika mazoea ya watu waliojua haki zao na wasiokubali zichukuliwe. Huko ndiko mwana wa mtemi alikojifunza kwamba kiti cha enzi kinaweza kubaki mahali pake, huku madaraka yakihama na kwenda kwa wananchi.

Alipata digrii yake mwaka 1952, akarudi nyumbani. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, kisha akafundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea nchi yake. Aliporudi ilimbidi kuchagua kati ya chaki na siasa. Akaacha kazi, akaacha mshahara, lakini jina la Mwalimu halikumwacha mpaka kaburini.

Ujuzi wake wa vyombo vya utawala ulionekana wazi mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa mpango wa dhuluma, na wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora, Januari mwaka ule, Nyerere aliwashawishi waingie humo humo katika mlango ule mwembamba, kwa kuwa aliyeko ndani ya Baraza la Kutunga Sheria ana nguvu kuliko anayepiga kelele nje. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake cha Kongresi. Lakini uchaguzi ulipofanyika, wote walioungwa mkono na TANU walishinda, na mpango wa kura tatu ukafa kwa mikono ya wale wale uliokusudiwa kuwazuia.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Hata hivyo Tanganyika haikuwa bado Jamhuri. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, na Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Wiki sita tu baadaye, tarehe 22 Januari 1962, aliushangaza ulimwengu kwa kujiuzulu. Alimwachia Rashidi Kawawa cheo hicho, akaenda vijijini kukiimarisha chama na kufikiri juu ya aina ya utawala ufaao nchi yetu. Novemba 1962 ulifanyika uchaguzi wa Rais. Nyerere alipata kura zaidi ya 1,100,000. Mtemvu alipata kama 21,000. Tarehe 9 Desemba 1962 Jamhuri ikazaliwa.

Sasa, wasomaji wetu, tuitazame Katiba ya Jamhuri hiyo kwa makini. Rais alikuwa mkuu wa nchi na mkuu wa Serikali pia. Aliwateua mawaziri. Alipoamua jambo hakulazimika kufuata shauri la mtu yeyote, isipokuwa pale sheria ilipomtaka. Hati ya haki za raia haikuwekwa humo. Hoja za waliotetea mpango huo zilikuwa na uzito: nchi ni maskini, wataalamu ni wachache, watu wetu hawajazoea kuona wakuu wawili katika nyumba moja, na adui umaskini hangoji mijadala. Lakini tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mwanafunzi aliyekwenda Edinburgh akasoma jinsi ufalme ulivyomfunga mfalme wake kwa sheria, alirudi akajenga Jamhuri ambayo Rais wake alikuwa huru kuliko mfalme yule. Mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba Katiba ile ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta kama angetaka.

Hakutaka, na twamshukuru Mungu. Hata hivyo taifa haliwezi kuyajenga maisha yake juu ya kutotaka kwa mtu mmoja. Mwaka ule ule wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, alipelekwa kwa amri kukaa Sumbawanga, mbali na wafanyakazi waliomchagua. Na Sumbawanga ni jirani wa Mpanda. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Mwaka huo wa 1963 ulikuwa pia mwisho wa madaraka ya watemi kisheria, nchi nzima, wa Wapimbwe na wa Wazanaki pamoja. Mwana wa mtemi alikiondoa kiti cha baba yake, akasema kwa tendo hilo kwamba katika Jamhuri cheo hakirithiwi. Neno hilo lilikuwa jema. Lakini kiti cha jadi kilipoondolewa, kiti cha Serikali kilibaki peke yake uwanjani.

Jambo la ajabu ni kwamba katika mwaka huo huo wa 1963, Jamhuri ikiwa bado changa, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo Julius Caesar. Rais wa jamhuri mpya alikesha akiandika kwa Kiswahili habari za kufa kwa jamhuri ya kale! Kisa chake chajulikana. Wakubwa wa Roma wanaogopa kwamba mtu mmoja apendwaye na watu ataimeza jamhuri. Wanamwua kwa majambia. Na jamhuri haiponi. Haiponi kwa kuwa umati uliomshangilia mwuaji asubuhi unamshangilia mpinzani wake kabla jua halijatua. Watu wale walijua majina ya wakubwa wao, hawakujua sheria zao. Kwa maoni yetu, hakuna somo la uraia lililo kali kuliko hilo.

Mwaka 1965, baada ya Muungano na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964, ilitungwa Katiba ya muda iliyoweka chama kimoja. Hata hapo Mwalimu alitafuta njia ya kuwapa wananchi sauti. Katika kila jimbo la uchaguzi wagombea wawili walishindana, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa katika uchaguzi huo. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya Chifu Erasto Mang'enya, kusikiliza malalamiko ya raia waliodhulumiwa na maofisa. Ilikuwa miongoni mwa tume za kwanza za namna hiyo katika Afrika. Lakini ripoti yake ilikwenda kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua la kufanya.

Kasoro ya madaraka yasiyo na mpaka ilionekana zaidi vijijini. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na maofisa kutoka makao makuu wakachukua nafasi ya madiwani. Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa nchini, na watu wa Mpimbwe walikuwamo. Wako walionufaika kwa shule, zahanati na visima. Wako pia waliobomolewa nyumba, wakaacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya babu zao, bila kuwa na diwani wa kumlilia. Nia ya mkuu ilikuwa njema. Chombo cha kumwambia kwamba watumishi wake wanapotoka kilikuwa kimeondolewa.

Twaandika hayo bila nia ya kumchafua marehemu. Twayaandika kwa sababu ukuu wake umo katika yale aliyoyafanya baadaye. Ni rahisi kwa mtawala kusifiwa. Ni vigumu mno kwa mtawala kukiri kosa. Yeye alikiri, angali madarakani, kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka huo huo wa 1984 mambo mawili makubwa yaliingizwa: hati ya haki za binadamu, ambayo mahakama zilianza kuitumia mwaka 1988, na sharti kwamba Rais asikae zaidi ya vipindi viwili. Mwanafunzi wa Edinburgh alikuwa amerudi kwenye daftari lake la zamani.

Tarehe 5 Novemba 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari. Senghor wa Senegal alikwisha kumtangulia mwishoni mwa mwaka 1980, lakini katika Afrika ya siku zile marais walioondoka bila mtutu wa bunduki wala jeneza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Alirudi Butiama kulima. Na mwaka 1991, Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipowauliza wananchi juu ya mfumo wa vyama, zaidi ya robo tatu walipenda chama kimoja kiendelee. Mtu aliyekiasisi chama hicho angeweza kufurahi na kunyamaza. Badala yake aliunga mkono wale waliotaka vyama vingi, akiona kwamba chama kisichoshindana hulala usingizi, na kwamba wachache nao wana haki. Mfumo huo ulianza tarehe 1 Julai 1992. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilibana haki za watu, na sheria ya kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa mojawapo.

Mwalimu alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa ugonjwa wa kansa ya damu. Alizikwa Butiama, kijiji alichozaliwa. Tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma limekuwa likichunguza maisha yake ili ijulikane kama astahili kutangazwa Mwenye Heri; hukumu hiyo ni ya Kanisa, nasi hatuitangulii.

Basi turudi Majimoto, kwenye daftari lile mezani. Maisha haya yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba wema wa mtu haushiki nafasi ya sheria njema. Ikiwa mtu msomi, mwadilifu, asiyejilimbikizia mali, aliweza kukosea kwa kukosa wa kumzuia, je, itakuwaje kwa mwenye tamaa? Mipaka ya madaraka iliandikwa kwa ajili ya wote wawili, mwema na mbaya. Lakini mpaka usiojulikana na jirani hauzuii mbuzi kuingia shambani. Kwa hiyo wa kuijua mipaka hiyo kwanza ni mwananchi mwenyewe.

Wala si jambo la Dodoma tu. Mzee yule alituuliza juu ya shamba. Nasi twamjibu kwa habari ya shamba. Mwaka ule ule aliofariki Mwalimu, Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kwa sheria hiyo halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Na mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, wanaume kwa wanawake, maskini kwa matajiri. Akija mwenye fedha nyingi au ng'ombe wengi, akakaa faraghani na viongozi wawili watatu, akaondoka na kipande cha bonde la mpunga, ni nani atakayesema kwamba jambo hilo ni batili? Ni yule aliyesoma. Huenda akawa ni binti yule mwenye daftari, akisimama mkutanoni kwa heshima mbele ya wazee, na kuuliza ni lini mkutano mkuu ulikubali.

Enyi wazazi, msiwacheke watoto wenu wanapokariri mihimili mitatu ya dola. Waambieni wawasomee kwa sauti jioni, baada ya chakula. Nendeni kwenye mikutano ya kijiji na ya mtaa. Ulizeni mapato na matumizi. Msiogope kuonekana wakorofi kwa kuuliza yaliyo haki yenu. Nanyi vijana, mwana wa mtemi hakuona haya kuketi darasani akiwa mtu mzima ili ajifunze jinsi watu wanavyojitawala, wala hakuona haya, mvi zikiwa zimejaa kichwani, kujifunza upya pale alipokosea. Jamhuri aliyotuachia haijakamilika, na kazi ya kuikamilisha haingoji Mwalimu mwingine azaliwe. Yaanzia katika daftari lililo mezani pa kila nyumba.